Uzamili wa Sanaa: Je, Tuuze Shamba?

Najua mkono unakuwasha uende kwenye ukurasa wa vitendawili na vichekesho, lakini hebu nivumilie kidogo. Neno nitakalolisema limenikwama kooni kama mfupa wa samaki tangu likizo ya Desemba, nami nimeona afadhali nilitoe hapa, katika jarida la chama chetu, kuliko kuendelea kulala nalo bwenini.

Dada yangu ndiye kifungua mimba kwetu. Ana umri wa miaka 26 na ana shahada ya kwanza ya sanaa kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ninaposema sanaa, tafadhali nielewe vizuri, kwa maana hapa lugha yetu tukufu imetutegea mtego. Aliyesomea historia ana Shahada ya Sanaa. Aliyesomea jiografia anayo. Jirani yetu mmoja anayo vilevile, na hajapata kushika brashi ila ile ya viatu. Wote hao ni watu wa sanaa kwa karatasi. Dada yangu huchora, huchonga, na huchapa picha kwa vibao alivyovichonga mwenyewe. Basi kila nikitaja sanaa katika makala haya, ujue nasema ile ya rangi na patasi. (Neno la kutuokoa na mkanganyiko huu nawaachia mwalimu mlezi na kamati yake ya istilahi.)

Mwezi wa Novemba mwaka jana Dada alipata barua mbili. Ya kwanza ilitoka chuo kimoja cha Uingereza. Amekubaliwa kusomea uzamili wa sanaa, mwaka mmoja, na watampunguzia nusu ya ada. Ya pili ilitoka chuo cha hapa hapa nchini. Amekubaliwa kusomea uzamili vilevile, miaka miwili, na hapunguziwi hata ndururu. Baba alipozisoma alifurahi mpaka akaenda kumwita jirani azisome pia. Halafu akatamka neno lililotunyamazisha sote: yuko tayari kuuza shamba la kando ya barabara ili Dada aende Uingereza.

Kabla sijaendelea, sharti niungame. Shamba hilo ndilo lililotarajiwa kunilipia karo ya chuo mimi nitakapomaliza Kidato cha Nne. Kwa hivyo msomaji ujue mapema kwamba hakimu wa kesi hii ana ng'ombe wake ndani ya boma linalogombaniwa. Nimejaribu kumweka ng'ombe huyo kando ninapofikiri. Kama nimeweza au sikuweza, utaamua wewe.

Kwetu ni Wamunyu, kando ya barabara inayotoka Machakos kwenda Kitui. Ukipita huko utawaona wachongaji wa vinyago wakiwa wameketi vivulini, vipande vya mbao vimewazunguka. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge, mzaliwa wa huko, alijifunza uchongaji kule Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ujuzi huo nyumbani, na kutoka kwake watu wa vijiji vizima wakajifunza. Hapakuwa na fomu za kujaza wala mahojiano. Mtoto aliketi karibu na baba au mjomba wake, akaanza kwa kupiga msasa, siku moja akaruhusiwa kushika tezo, na miaka ikipita akawa fundi. Wahenga hawakukosea waliposema mwana wa muhunzi asiposana huvukuta.

Babu yangu alipitia njia hiyo. Alifanya kazi miaka mingi huko Changamwe, Mombasa, katika chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, na karo ya Baba ilitokana na twiga na vifaru wa mpingo na muhugu. Siku hizi mpingo haupatikani ovyo, na wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini na mjakaranda. Babu naye ana miaka 81. Huketi chini ya mwembe akimkosoa kila apitaye na kinyago mkononi, aombwe asiombwe.

Mkutano wa familia ulifanyika chini ya mwembe huo huo, siku ya pili baada ya Krismasi. Kila mtu alisema lake. Babu alisikiliza muda mrefu akichokoa meno, kisha akamgeukia Dada na kumuuliza:

"Mjukuu wangu, hao Wazungu watakufunza kuchonga kitu gani usichokijua?"

Dada alifikiri kidogo. "Babu, hawatanifunza kuchonga. Watanipa mahali pa kufanyia kazi, wakati wa kuifanya, na watu wa kuniambia ukweli juu yake."

"Ukweli!" Babu akasema. "Mbona mimi nakwambia kila siku, na bure?"

Sote tulicheka, hata Dada. Lakini nilipolala usiku ule niligundua kwamba wale wawili walikuwa wamelishika jambo lenyewe, na sisi wengine tulikuwa tukipiga kelele pembeni.

Hebu nikueleze Dada anavyoishi. Siku tatu kwa juma anafundisha sanaa katika shule ya kibinafsi jijini Nairobi, na mitihani ikikaribia kipindi chake hupewa mwalimu wa hesabu bila hata kuulizwa. Siku nyingine huchora sungura na vipepeo kwenye kuta za shule za chekechea. Hujipatia riziki, ndiyo, na hana haya juu ya sungura wake. Kazi mbi si mchezo mwema. Kila mwezi analipa mkopo wa HELB, wenye riba ya asilimia 4. Akirudi chumbani kwake jioni amechoka tiki. Sanamu yake mwenyewe iko pembeni, imefunikwa leso, na haijaguswa kwa miezi kumi na minne. Nimeiona kwa macho yangu. Ni mwanamke aliyebeba kitu mgongoni, na kitu hicho bado ni gogo.

Kwa hivyo mtu akiniambia Dada anatafuta digrii kwa sababu ya kupenda makuu, nitamkatalia mbele ya watu. Dada anatafuta wakati. Anavyonieleza, uzamili wa sanaa wa huko nje una mambo machache tu ya msingi. Unapewa pembe yako katika karakana. Unafanya kazi yako kila siku. Mara kwa mara wahadhiri na wanafunzi wenzako husimama mbele ya kazi hiyo na kuihakiki kama sisi tunavyohakiki riwaya darasani, nawe unajibu. Wasanii kutoka nje huja kuzungumza na kutazama. Mwisho kuna maonyesho. Huku kwetu kuna hayo pia kwa kiasi, ila utafiti na uandishi wa tasnifu huchukua nafasi kubwa zaidi. Ukiangalia vizuri, mtu analipa ada ili afungiwe chumbani na kazi yake, na kwa msanii aliyechoka kuchora sungura hilo ni jambo la thamani sana.

Lakini thamani hiyo ni shilingi ngapi? Hapa ndipo sisi jamaa tunapofumba macho. Ada ya uzamili wa sanaa Uingereza kwa mwanafunzi atokaye nje mara nyingi hupita pauni 20,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 3. Ukiondoa nusu waliyompunguzia Dada, bado kuna milioni moja na nusu na zaidi. Hapo hujalipa chumba, hujala, hujanunua koti. Na ili apewe viza, lazima aonyeshe kwamba pesa za matumizi ya miezi tisa zimelala benki kwa siku 28 mfululizo. Shamba lile, hata likipata mnunuzi mkarimu, halifiki nusu ya hesabu hiyo. Baba anajua. Nilimwona akiandika tarakimu nyuma ya kalenda, akizifuta, akiziandika tena.

Mjomba wangu, ambaye ni mtu wa maneno, alimaliza ubishi kwa kusema, "Elimu haina mwisho." Naam, methali hiyo tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi na kupewa alama. Ila nitasema jambo ambalo huenda likaniletea taabu nyumbani. Nadhani jamaa wengi humwambia kijana aendelee kusoma kwa sababu wanaona haya kwamba masomo ya kwanza hayakumletea kazi. Shahada ya kwanza ikikosa kuzaa matunda, tunapanda ya pili katika shimo lile lile. Angalau mtu akiuliza, "Binti yenu yuko wapi siku hizi?" tunajibu, "Yuko Uingereza anasoma," na muulizaji ananyamaza. Jibu hilo lina utamu wake, lakini kumnunulia jirani jibu kwa bei ya shamba ni kujionea.

Mwalimu wetu wa Sanaa na Ubunifu, nilipompelekea suala hili shule zilipofunguliwa, hakunijibu. Alinipa majina akaniambia nikasome. Nikaenda maktaba na kwenye chumba cha kompyuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Alisoma shahada ya kwanza Cooper Union, New York, kisha uzamili wa uchongaji katika Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 2000. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan huko New York, katika vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vitupu tangu jengo lilipojengwa. Anayetetea uzamili wa ng'ambo ana haki ya kumtaja kwanza, na mimi simkatazi.

Michael Armitage naye alizaliwa Nairobi, mwaka 1984. Baada ya shahada ya kwanza katika shule ya Slade alijiunga na shule za Royal Academy, London, akamaliza mwaka 2010. Jambo lililonifanya nikae wima kitini ni hili: shule hizo za Royal Academy zina kozi ya miaka mitatu, na hazitozi ada. Hazitozi kabisa! Kinachohitajika ni kushindana na kuchaguliwa. Na picha zinazomvumisha Armitage leo huzichora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda wamekitengeneza tangu enzi za wafalme wao. Isitoshe, alianzisha taasisi ya sanaa Nairobi mwaka 2020, NCAI, ili wasanii wa huku wapate mahali pa kuonyeshea kazi na kujifunza.

Lakini aliyenikaa moyoni ni mfinyanzi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusomea uchoraji wa matangazo, akavutwa na udongo. Kisha akaenda Nigeria, Abuja, kujifunza kwa wanawake wafinyanzi wa huko, katika kituo ambacho fundi aliyevuma kuliko wote alikuwa Ladi Kwali. Ladi Kwali huyo alijifunza ufinyanzi nyumbani kwa shangazi yake. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikamtunuku shahada ya uzamifu ya heshima mwaka 1977, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo alimaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1976, akafundisha miaka kadhaa, na mwaka 1979 ndipo alipoingia Royal College of Art kwa uzamili, akahitimu 1982. Mwaka 2018 alifanywa mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu huko huko Uingereza.

Tazama mpangilio wa maisha hayo. Kwanza shule, kisha magoti ya wanawake wasio na digrii, kisha kazi ya kujitafutia mkate, ndipo uzamili. Alipofika pale Royal College alikuwa na kitu mkononi cha kwenda kubishania.

Na wapo waliofika bila chuo chochote. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Uganda aliyeishi na kuchora Nairobi hadi alipofariki mwaka 2018, alikuwa dereva. Ng'ombe wake wa rangi ya samawati na zambarau wamenunuliwa na Wazungu wa kila aina. Hata hivyo, sitaki kumtumia Katarikawe kama rungu la kuwapigia wasomi. Kila mtu akitaka kumkatisha mwanafunzi tamaa humtaja mmoja aliyefaulu bila shule, wala hawataji mamia walioshindwa bila shule vilevile. Huo nao ni ujanja.

Nilimrudia mwalimu nikiwa na jibu langu tayari: Dada asiende, uzamili haumfanyi mtu msanii. Mwalimu akatabasamu. Akaniuliza, "Na mimi nilifunzwa na nani?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba wahadhiri waliomfunza chuoni wengi wamestaafu au wanakaribia, na viti vyao havijazwi kwa urahisi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa viwango vyake mwaka 2014, ilitaka anayefundisha chuo kikuu kama mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Marekani, uzamili wa kazi za sanaa huhesabiwa na chama cha walimu wa sanaa wa vyuo kuwa ndio kilele cha masomo katika fani hiyo. Mwenye nao hufundisha chuo kikuu bila kuulizwa ana nini zaidi. Huku kwetu, uzamili ni ngazi ya katikati tu. Sharti mtu azame zaidi mpaka afike huko kwenye uzamifu (na neno lenyewe si limetokana na kuzama?). Sasa kama vijana wenye vipawa wote watasema karatasi haina maana, viti vile vitakaliwa na watu wenye karatasi wasio na mikono, au idara zenyewe zifungwe. Na hapo atakayesomea sanaa baada ya miaka kumi atafunzwa na nani?

Hoja hiyo ilinikata maini. Nilikuwa nimeifikiria digrii kama mali ya Dada peke yake, kama vile atakavyoning'iniza cheti ukutani kwake. Mwalimu alikuwa akiisema kama kisima cha kijiji, ambacho lazima mtu fulani achimbe.

Tena kumbuka tumetoka wapi. Katika miaka ya 1990 watoto wa shule za msingi walitahiniwa sanaa, ufundi na muziki katika KCPE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani, na kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi, hilo hata panya wa stoo ya jikoni wanajua. Shule nyingi zikafunga chumba cha sanaa kikawa ghala la madawati mabovu. Sasa mtaala mpya umeleta njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa wadogo zetu walioanza Gredi ya 10. Ni vizuri. Lakini walimu wa kuwafunza watatoka wapi, kama kizazi kizima kilikua bila kushika udongo ila wa kucheza barabarani?

Basi baada ya kuzunguka huko kote, maoni yangu ni yapi? Nayasema bila kutafuna maneno. Shamba lisiuzwe. Dada asiende Uingereza mwaka huu kwa nusu ya ada. Mtu anayekwenda kutafuta wakati wa kufanya kazi yake, akaupata kwa deni, hatakuwa na wakati huo. Atakuwa akiosha vyombo usiku kwenye hoteli na kusinzia karakanani mchana, na mwisho wa mwaka mmoja, ambao ni miezi kumi na miwili tu, atarudi kwenye sungura wale wale akiwa na madeni mawili badala ya moja. Zipo shule kama ile ya Royal Academy zisizotoza, na vipo vyuo vya Marekani vinavyowasamehe ada baadhi ya wanafunzi wa uzamili ili wasaidie kufundisha. Ni vigumu kuingia, najua. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hapa ni kumaliza kwanza ile sanamu iliyofunikwa leso, na nyingine tano baada yake, ndipo atume picha.

Ile barua ya pili, ya chuo cha hapa, ndiyo ningemshauri aifikirie tena. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona kama ni ya akiba tu, ya kumfuta mtu machozi. Lakini kule Wamunyu kuna mzee wa miaka 81 anayejua jinsi mpingo unavyosomwa kabla ya kukatwa, ni nani alimfunza nani, mtindo gani ulitoka Changamwe ukarudi Wamunyu, na kwa nini wachongaji waliacha kuchonga watu wakaanza kuchonga wanyama. Sijaona kitabu chenye hayo yote kilichoandikwa na mtu wa kwetu. Uzamili wa huku unadai utafiti na tasnifu. Dada amekuwa akilalamika kwamba tasnifu itamwibia wakati wa kuchonga. Mimi naona tasnifu hiyo iko chini ya mwembe, inachokoa meno, na haitangoja milele.

Karo yake ni sehemu ndogo ya ile ya Uingereza, na hulipwa muhula kwa muhula. Ataendelea na shule yake ya siku tatu. Utakuwa mzigo, sikatai, na yale aliyoyataka, mahali na wakati, atayapata nusu nusu. Hilo ndilo linalonisumbua katika shauri langu mwenyewe. Namshauri mtu aliyechoka aongeze kazi nyingine juu ya uchovu. Na pia, kwa bahati nzuri kabisa, shauri langu linaliacha shamba salama hadi nitakapolihitaji mimi. Nimejiuliza kama ningesema hivi laiti ng'ombe hangekuwa wangu. Nadhani ningesema. Sina hakika.

Wenzangu wa Kidato cha Nne mnaosomea Sanaa na Ubunifu, sote saba, hesabu hii itatufikia. Tutachagua kozi kupitia KUCCPS, tutasoma miaka minne, kisha siku moja tutaketi na barua mkononi huku wazee wakitutazama. Mimi nimekwisha kujiwekea swali moja la kuuliza siku hiyo, na nimelipata kwa Babu: watanipa nini nisichoweza kukipata hapa nilipo? Kama jibu ni karakana, nitauliza kwanza kama wachoraji wawili watatu hatuwezi kukodi chumba pamoja. Kama jibu ni kufundisha chuo kikuu, basi nitajua kwamba safari ni ya uzamili na uzamifu pia, na nipange miaka yangu hivyo. Kama jibu ni kwamba nimechoka kuulizwa nafanya kazi gani, afadhali nilale.

Nilimpelekea Dada makala haya ayasome kabla sijayatoa kwa mhariri, kwa kuwa si adabu kumwanika mtu gazetini bila idhini yake. Aliyarudisha baada ya siku mbili. Alikuwa amefuta sentensi moja kuhusu mshahara wake, akaandika kando kwa kalamu ya risasi: "Umesahau kwamba nimechoka kuwa karibu na nyumbani." Kweli nilikuwa nimelisahau hilo, na sina jibu lake.

Chuo cha Uingereza kinataka kujibiwa kabla ya mwisho wa mwezi wa Juni. Baba bado hajamwita dalali. Na Jumamosi iliyopita, Mama alinieleza kwa simu, Dada alifika Wamunyu bila kutarajiwa, amebeba ile sanamu kwenye gunia. Akaiweka mbele ya Babu. Mzee akaizungusha, akaigonga kwa kidole, akaitazama muda mrefu lile gogo la mgongoni, kisha akaagiza aletewe tezo.